Chumba Nilichomnyima Zaituni

Mwanangu, ipo siku moja ambayo mpaka leo haijaniacha, ingawa imepita miaka ishirini na kitu na mvi zimeanza kunitembelea kichwani. Jana ulipokuja kuniaga, ukaniambia kwamba kwenye kituo cha zimamoto ulichopangiwa mtalala wanne chumba kimoja, mtapika jiko moja na kuoga kwa zamu, nilikuona ulivyonuna. Hukulalamika, la, umelelewa vizuri. Lakini mnuno ule naujua. Niliuvaa mimi kabla yako, na nusura umtoe mtu roho. Kaa nikusimulie. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi nimeishi kwenye nyumba za zimamoto zaidi kuliko nilivyoishi kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Nilizaliwa Nyarugusu, kwenye nyumba ya watoto tisa. Tulilala wanne kitanda kimoja, vichwa huku na miguu huku, na blanketi lilikuwa la aliyewahi. Sandali zangu zilivaliwa na dada zangu, sabuni yangu iliishia kwa kaka zangu, na hata daftari la shule nililifungua nikakuta mtu ameshachora ng'ombe. Siwalaumu, ndivyo tulivyolelewa, na tulipendana. Ila moyoni niliapa kwamba nikipata kazi, nitakuwa na kitu kimoja ambacho mtu mwingine hakigusi.

Nilipoajiriwa zimamoto, nikapelekwa kituo kimoja cha huku huku kwenye ukanda wetu wa dhahabu. Jina lake naliacha, wenyewe wapo. Lilikuwa jengo la matofali ya kuchoma: mbele gereji yenye milango miwili mipana, nyuma bweni, jiko, na ua wenye bomba moja la maji na banda la mkaa. Wanaume sita walilala bwenini. Mimi ndiye niliyekuwa mwanamke pekee, kwa hiyo nikapewa kichumba kilichokuwa stoo. Kilinuka mpira na vumbi, lakini kilikuwa na mlango unaofungwa kwa ndani. Siku ya kwanza nilipoufunga, nilikaa kitandani nikacheka peke yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na sikuwahi kuwa na mlango.

Mkuu wetu aliitwa Sajenti Kashinje, mzee wa Kisukuma kutoka vijiji vya Shinyanga. Alizungumza polepole kama mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti isipokuwa kwenye moto. Alitulea. Sisi tuliokuwa mbali na kwetu, kituo ndicho kilikuwa nyumbani, na yeye ndiye alikuwa baba.

Sasa, mwaka ule mvua za vuli zilikuja na upepo mbaya. Upepo ukang'oa paa la kituo kimoja cha jirani, walikokuwa wakikaa wenzetu wa kikosi cha uokoaji. Sisi kazi yetu ilikuwa maji na moto. Wao kazi yao ilikuwa kuwatoa watu walionaswa, na huku kwetu hiyo maana yake mara nyingi ni machimbo, maana ardhi hii inachimbwa kila siku na kila masika inawafukia watu. Ikaamriwa waje wakae kwetu na gari lao mpaka paa litakaporudi.

Sajenti Kashinje akatukusanya asubuhi gwarideni. "Wenzenu wanakuja," akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sogezeni vitanda."

Walikuja watano, wanaume wanne wakiongozwa na Koplo Nkwabi, na mwanamke mmoja. Huyo mwanamke ndiye Zaituni. Alitokea Tanga, mwembamba kama fito, sauti yake ya chini, na kazi yake kikosini ilikuwa kutunza kamba za kushukia mashimoni. Alikuja mlangoni kwangu na begi moja na ndoo.

"Dada Milembe, hujambo? Nimeambiwa tutakaa wote."

"Sijambo," nikajibu, na nikabaki nimesimama mlangoni kwa muda ambao mpaka leo nikiukumbuka naona haya.

Wanaume bwenini walizozana wiki ya kwanza, kama kawaida, kwa sababu vikombe vya kabati moja havikosi kugongana. Walizozana nani afungulie redio na nani amemaliza maji ya ndoo. Wiki ya pili wakaamua sufuria iwe moja, wakapeana zamu za kupika na kufagia, na ukipita jioni unawakuta wanacheza drafti, wa maji na wa uokoaji wamechanganyika, wakitaniana. Utani wa Wasukuma na watu wa pwani unaujua, hauna huruma. Nyumba yote ilishakuwa moja, isipokuwa kichumba changu.

Zaituni alikuwa akiamka alfajiri kuswali, taratibu kabisa, lakini mimi niliguna kama mtu aliyepigwa. Alikunja nguo zake vizuri, nikaona ananisema kwa kuwa zangu hazijakunjwa. Alisema, "Samahani, nikupite," nikaona ananicheka. Mtu ukishaamua kumchukia mwenzako, mwanangu, hata salamu yake utaiona ina kosa. Nikafunga shuka katikati ya chumba, nikakata upande wangu wenye dirisha, mkubwa, nikamwachia yeye upande wa mlangoni, ambako hata kugeuka ni kazi. Aliporudi akaitazama ile shuka, akasema tu, "Sawa, mwenyeji."

Hata chakula nilikataa kula nao. Nikanunua jiko dogo la mafuta ya taa nikawa napika chini ya kitanda changu. Ndiyo, mwanangu, cheka. Askari wa zimamoto anapika kwa mafuta ya taa chini ya godoro. Sajenti Kashinje aliisikia harufu siku ya pili tu, akaingia, akalibeba lile jiko mwenyewe bila neno, akatoka nalo. Ningekuwa na akili ningejua kwamba mzee yule ananiona. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi hata la mkuu sikutaka lisemwe.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye kamba. Walikuwa wamefanya mazoezi kwenye mvua, na kamba yao ndefu, ile nzuri, ilirudi imelowa na imejaa tope. Zaituni aliisafisha. Lakini kamba zile hazianikwi juani, jua linazila nguvu bila wewe kuona. Gereji ilikuwa inavuja, bweni halikuwa na nafasi. Akaomba ruhusa kwangu, akasema, "Dada Milembe, siku mbili tu, niitandaze humu." Nikanyamaza. Akadhani kunyamaza ni kukubali, akaipitisha ukutani upande wake, mizunguko juu ya mizunguko, na mzunguko mmoja ukavuka shuka ukaingia upande wangu kama shubiri mbili hivi.

Kwa ajili ya hizo shubiri mbili, asubuhi ya pili, Zaituni akiwa nje anaosha gari lao, niliikusanya ile kamba yote, nikaishindilia kwenye gunia tupu, nikaenda kuitupa nyuma ya banda la mkaa. Nikarudi nikajilaza. Nilijisikia nimeshinda.

Haikupita saa moja. Mtu alikuja na pikipiki, tope mpaka kwenye kope, maana enzi hizo simu za mkononi zilikuwa za kuhesabu. Duara limetitia kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, akasema. Duara ndilo shimo lao la kuchimbia dhahabu, linakwenda chini wima kama kisima. Kuna mtu ndani, na bado anaongea. King'ora kikalia, kila mtu akakimbilia buti zake. Magari yote mawili yakawashwa.

Nikiwa nafunga kofia, nikamwona Zaituni anatoka mbio chumbani kwetu, macho yamemtoka. Akaita kutoka ng'ambo ya gereji, "Milembe, kamba umeiona?"

Mwanangu, kutoka pale mpaka banda la mkaa ni hatua ishirini. Ningesema, angeifuata, tungeondoka. Lakini kusema kulikuwa na maana ya kukiri mbele ya watu wote kwamba nimeitupa. Nilijua kwenye gari lao kuna kamba nyingine. Nikajiambia hiyo inatosha.

"Ipo garini," nikasema.

Haukuwa uongo mzima. Ulikuwa nusu ya uongo, na nusu ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa inatembea imevaa nguo za ukweli. Zaituni akaniamini, akaruka garini, tukatoka.

Tulikwenda kwa barabara ya vumbi karibu saa nzima. Tulipofika tulikuta umati, na mwanamke mmoja ameketi chini, mikono kichwani, halii. Mumewe, Jilala, ndiye aliyekuwa ndani. Mvua ilikuwa imelegeza udongo, miti inayozuia kuta za duara ikaegemea, udongo ukamfunika mpaka kiunoni. Ukiinama ukingoni ulimsikia, sauti ndogo ya mbali, akiomba maji.

Zaituni akafungua kabati la gari. Akatoa ile kamba nyingine, kuukuu, fupi, waliyokuwa wakifungia ngazi. Akainama tena akapapasa mpaka mwisho wa kabati. Kisha akasimama, akanigeukia.

"Milembe. Ulisema ipo garini."

Niliwaona wote wakinitazama. Hata leo nikifumba macho nawaona. "Haimo," nikasema. "Ile yako iko nyuma ya banda la mkaa. Niliitoa chumbani mimi."

Nilingoja kofi. Nilingoja tusi. Ningeshukuru vyote viwili. Koplo Nkwabi alikaza ngumi, lakini Sajenti Kashinje akaingia katikati yetu. "Hayo ya nyumbani tutayasema nyumbani," akasema. "Zaituni, kuna njia?"

Zaituni akawauliza wachimbaji kamba yao ya kupandishia mawe iko wapi. Wakaleta, ya katani, nene, imechoka. Akaikagua kwa vidole shubiri kwa shubiri, akakata kipande kilichooza, akaiunganisha na ile kuukuu yetu kwa fundo ambalo sikuwahi kuliona. Akawaambia wanaume wanne waivute. Ikashika.

Koplo Nkwabi alishuka wa kwanza. Mabega yake yakakwama pale miti ilipoegemeana, tukampandisha. "Panapita mtu mwembamba tu," akasema akihema, na sote tulijua mwembamba ni nani. Zaituni alikuwa ameshaanza kujifunga.

Hapo ndipo msimamizi wa duara, mzee mwenye buti za mpira, akajitokeza mbele. "Samahani, mkuu," akamwambia Sajenti. "Mwanamke haingii duarani. Dhahabu itakimbia. Hii ni miiko ya hapa."

"Mzee mwenzangu," Sajenti akamjibu polepole, "saa hii huko chini hakuna dhahabu. Kuna mtoto wa watu."

Yule mzee akamtazama mke wa Jilala pale chini. Akasogea pembeni, akavua kofia yake.

Zaituni akakaza fundo kifuani. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba maisha yangu yote. "Kamba yangu ataishika Milembe."

"Huyu?" Nkwabi akauliza.

"Huyu. Hapa hakuna mtu anayeogopa kuliko yeye. Hatasinzia."

Mwanangu, niliwahi kupewa vyeti katika kazi hii. Nimewahi kupigiwa makofi. Hakuna heshima niliyopewa iliyofika pale. Nilimnyima mwenzangu shubiri mbili za ukuta, naye akanipa uhai wake niushike.

Tukaizungusha kamba mara moja kwenye gogo lililosimikwa, mimi nikawa wa mbele, wanaume watatu nyuma yangu. Tulikubaliana: akivuta mara moja tunasimama, mara mbili tunampandisha. Glavu zangu zilikuwa nene na zimelowa, na kupitia glavu zile sikuweza kujua kama kamba inavutwa au inatikisika tu. Nikazivua. Zaituni aliniona. Akashuka.

Sijui tulikaa muda gani. Jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Tulisikia kijembe kikikwaruza, na sauti yake ya chini ikiongea na Jilala kama mtu anayembembeleza mtoto ale. Kisha ukaja mvuto mara mbili. Tukapandisha, na aliyetokea ni Jilala, amefungwa kwa lile fundo, mwekundu wa udongo mwili mzima, hai. Mkewe hakupiga kelele. Alitambaa mpaka kwake, akaweka kiganja kifuani pake, akakiacha pale.

Maana yake umeielewa? Zaituni alikuwa amejifungua kamba, akamfunga yule mtu, akabaki chini bila chochote.

Tukairudisha upesi. Akajifunga, akavuta mara mbili, tukaanza kumpandisha. Alipofika katikati ukingo ukamomonyoka. Mti mmoja ukaponyoka ukaenda chini ukimgonga, na watu wawili nyuma yangu ardhi ikawakimbia chini ya miguu wakaanguka. Kamba ikaanza kukimbia mikononi mwangu. Nilisikia viganja vinaungua, nikasikia na harufu. Sikuachia. Sisemi kwa kujisifu, hata kuachia sikujua kunafanywaje wakati ule. Mikono ya Sajenti Kashinje ikanidaka kiunoni, gogo likashika, kamba ikasimama. Wakanyanyuka wote wakavuta, na kichwa cha Zaituni kikatokea, meno yameuma kola ya shati, mkono wa kushoto umevunjika.

Hospitali walimfunga mkono kwa plasta ngumu, mimi wakanifunga viganja vyote viwili kwa bandeji mpaka nikawa kama bondia. Jilala alilazwa, akapona, na mpaka ninapozungumza nawe ni mkulima wa mpunga mwenye wajukuu. Uchimbaji aliuacha.

Asubuhi iliyofuata Sajenti Kashinje akaniita. Taarifa yake ilikuwa imeshaandikwa, akanisomea, kila kitu kama kilivyotokea, bila kupunguza wala kuongeza. Nikapewa barua ya onyo, nami nilijua kwamba kwa haki ningeweza kufukuzwa. Kisha akanipeleka kwenye chumba chake mwenyewe, chumba cha mkuu wa kituo. Vitu vyake vilikuwa vimeondolewa. Kitanda kimetandikwa.

"Binti," akasema, "ulitaka chumba cha peke yako. Nimekosea?"

"Hapana, afande."

"Basi chukua changu. Mimi nitalala bwenini na vijana. Hutapangiwa zamu ya jiko, wala ya kufagia, wala ya kuchota maji. Chakula kitawekwa mlangoni. Hakuna atakayekugusia kitu." Akashika kitasa cha mlango. "Mimi nimekulia kwenye boma kubwa, binti. Najua watu wanachosha. Lakini ng'ombe anayejitenga na kundi hajioni kapotea mpaka giza liingie. Pumzika."

Akafunga mlango kwa upole. Mpaka leo hakuna kelele iliyonichapa kama upole ule.

Barua ya onyo iliniuma siku moja. Chumba kiliniuma kila siku. Upande wa pili wa ukuta nilisikia masufuria, redio, kicheko cha mtu aliyepoteza drafti, mtu anaulizwa, "Umekula?" Mimi sikuulizwa, kwa kuwa ndivyo nilivyotaka. Mikono yangu haikuweza kufunga kitenge, wala kuchana nywele, wala kumega ugali. Nilikula kwa kuinamia sahani. Nikaikumbuka ile nyumba yetu ya Nyarugusu, miguu ya dada zangu usoni kwangu, na nilitamani hata mmoja wao aje aniibie sabuni.

Siku ya tatu mlango ukasukumwa kwa mguu. Zaituni, mkono mmoja umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, mwingine umeshika bakuli.

"Michembe na karanga," akasema. "Nimeambiwa ndiyo mnakula huku. Nimepika mwenyewe kwa mara ya kwanza, imekuwa migumu kama kokoto, usinicheke."

Yale makopa ya viazi vitamu yalikuwa magumu kweli. Akaketi kitandani, akanilisha kwa mkono wake mzima, kipande kimoja kimoja.

"Wewe huna mikono, mimi ninao mmoja," akasema. "Tukichanga tunapata mtu mmoja wa kufaa."

Nikalia, mwanangu, na michembe mdomoni. Nikamwambia, "Zaituni, nisamehe. Kwa kamba, kwa shuka, kwa yote."

"Nilishakusamehe," akajibu. "Nilikusamehe pale ulipovua glavu. Tafuna."

Siku ya saba nilikwenda kwa Sajenti nikamwambia naomba kurudi. Alikuwa uani anakunja mpira wa maji na wale vijana, jasho linamtoka, na alionekana mwenye furaha kuliko nilivyowahi kumwona.

"Kurudi kwa nani?" akaniuliza. "Mimi chumba nilichokuwa nacho nimekupa. Kile kingine kina mwenyewe. Kamwombe."

Nikaenda. Nikasimama mbele ya mlango ule ule niliokuwa nikiufunga kwa ndani, nikabisha kwa kiwiko kwa kuwa viganja vilikuwa bado vinauma. "Hodi."

Kisha ile sauti ya chini: "Karibu, mgeni."

Shuka ilikuwa imeondolewa. Kitanda changu alikisogeza mwenyewe karibu na dirisha, kwa mkono mmoja, sijui aliwezaje. Tuliishi chumba kile miezi minne. Alinifunga vitenge, nami vidole vilipopata nguvu nikamsuka nywele. Alinifundisha mafundo, nikamfundisha kuloweka michembe kabla ya kuipika. Tuligombana pia, usidhani tuligeuka malaika. Aliacha taulo bichi juu ya kitanda changu mara nyingi mno. Lakini tuligombana kama watu wanaojua kwamba kesho wataamka nyumba moja. Paa la kwao lilipotengenezwa na gari lao likatoka gerejini, wanaume wote waliolalamika siku ya kwanza walisimama barabarani wakipunga mikono, na bwenini vitanda vilivyobaki wazi hakuna aliyetaka kuvisogeza kwa wiki nzima.

Zaituni yuko hai, ni bibi wa watu huko Tanga, tunapigiana simu kila Idi na kila Krismasi. Sajenti Kashinje tulimzika kwao. Nilipotupa udongo nilisema kwa Kisukuma, taratibu, asikie yeye tu, "Wabeja, baba." Ahsante. Ahsante kwa kutonifukuza, na ahsante kwa kunipa nilichokiomba.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, nakuambia waziwazi ili usije ukasema mama alizungumza kwa mafumbo. Huko uendako hutachagua wa kulala naye chumba kimoja. Yuko atakayekoroma, yuko atakayesali kwa namna usiyoizoea, yuko atakayemaliza maji. Ukikwazwa, sema siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako, kwa mtu mwenyewe, kabla halijaota mizizi. Usihamishe kitu cha mwenzako bila kumwambia, hata kiwe kimekukera vipi, maana kwenye kazi yetu kila kitu kina siku yake, na siku hiyo haipigi hodi. Ukiulizwa swali, jibu lote, usijibu nusu. Ukikosa, kiri mapema, ukiwa bado hatua ishirini tu kutoka kwenye kosa lako. Na ukikosewa wewe, jitahidi uwe na moyo wa Zaituni, ingawa nakuonya si rahisi. Kula na wenzako. Hata kama chakula ni kibaya, kula nao, kwa sababu wale unaokula nao kifungua kinywa ndio watakaokuja kukutafuta kwenye moshi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki yako itawakuta watu wa chumbani kwako kabla haijanifikia mimi huku Buseresere.

Haya, simama nikuombee. Mungu wa mababu zetu, anayesikia wa msikitini na wa kanisani, akutangulie mjini na machimboni. Akupe mkuu mwenye subira na wenzako wenye masikio. Kila utakapotoka kwenda kwenye hatari, urudi ukiwa mzima, na wote mliotoka nao wawe wazima, na mkute moto pekee unaowaka ni wa jikoni. Nenda, mwanangu. Nenda na baraka zangu zote.